Darsa ya Ukutani na Watoto Wenye Vipaji vya Elimu

Kabla ya shule za serikali kuenea Unguja, mtoto aliyeonekana kuwa na wepesi wa kusoma hakuwa na njia nyingi mbele yake. Alihitimu Kurani chuoni mapema kuliko wenzake, kisha mzee wake akamtafutia mwanachuoni wa kumpeleka. Hapakuwa na mtihani wa kuingilia. Palikuwa na nyumba ya mwalimu, mkeka na kitabu.

Miongoni mwa nyumba hizo, mojawapo iliyovuma sana ni ile ya Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, katika mtaa wa Ukutani, Mji Mkongwe. Sheikh huyo alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1860, akahamia Unguja, akawa mwanafunzi na sahibu wa Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Unguja. Mwaka 1897 alisafiri kwenda Hadhramaut, akaonana na wanavyuoni wa huko, na habari za safari hiyo akaziandika kwa Kiarabu. Wote wawili, yeye na Ibn Sumayt, walifariki mwaka 1925.

Darsa ya namna hiyo haikupangwa kwa madarasa ya miaka. Ilipangwa kwa vitabu. Katika fikihi mwanafunzi alianza na matini fupi kama Safina, akapanda taratibu hata akaufikia Minhaji wa Imamu Nawawi. Katika nahau alianza na Ajurrumiya, na aliyejaliwa akaingia katika Alfiya ya Ibn Malik, yenye beti zipatazo elfu moja. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Mwepesi hakulazimika kumngoja mzito, wala mzito hakutiwa aibu ya kurudishwa nyuma, kwa kuwa hapakuwa na darasa la kurudishwa. Zaidi ya hayo, kijana aliyekuwa bado katika kitabu kidogo aliweza kukaa pembeni akasikiliza wakubwa wakisomeshwa kikubwa. Wataalamu wa malezi wa siku hizi hupendekeza mengi kwa ajili ya watoto wenye vipaji, na baadhi ya mapendekezo hayo yasingemshangaza mwalimu wa Ukutani hata kidogo.

Walakini wepesi ulipimwaje? Watu wengi hudhani kwamba ulipimwa kwa kuhifadhi tu. Hapana shaka kuhifadhi kulikuwa na cheo kikubwa, na wako waliohifadhi pasipo kufahamu. Lakini katika darsa kitabu kilikuwa cha Kiarabu na maelezo yalikuwa ya Kiswahili. Matini ilisomwa kwa sauti, irabu zikasahihishwa, kisha maana ikatolewa kwa lugha ya mji. Tafsiri hiyo yenyewe ilikuwa mtihani, na sababu yake imo katika maumbile ya lugha mbili hizi.

Mfano wa karibu ni mlango wa tohara, ambao ndio huanza katika vitabu vya fikihi. Najisi ikiangukia maji na kuyageuza rangi, ladha au harufu, hukumu yake hubadilika. Katika Kiarabu neno la maji ni la kiume na neno la najisi ni la kike, na viwakilishi hufuata jinsia hiyo. Kiswahili hakina jinsia ya kiume na ya kike, kina ngeli. Mwanafunzi hana budi kusema “imeyageuza”: *i* ni ya najisi, *ya* ni ya maji. Akisema “yameigeuza”, mwalimu hujua papo hapo kwamba ameshika maneno na maana imemponyoka. Penginepo taabu huja kwa upande wa pili. Katika milango ya nikaha na talaka, Kiarabu hupambanua mume na mke kwa kiwakilishi tu, na Kiswahili huwatia wote wawili katika *a* moja. Msomaji asiyetaja kwamba huyu ni mume na yule ni mke atawaacha wasikilizaji gizani, tena katika jambo ambalo ndoa za watu zimelitegemea. Kukariri hakumsaidii mtu hapo.

Kutokana na mazoezi hayo vijana walipata kitu ambacho hakikuandikwa katika orodha ya masomo: Kiswahili cha hoja. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia ya nathari ya Kiswahili, ambayo aghalabu huanzishwa na wamisionari na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) ni ushahidi wa kutosha. Alizaliwa Mombasa, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Ibn Sumayt na Bakathir. Katika miaka ya 1930 alitoa magazeti, Sahifa na baadaye Al-Islah. Humo alijadili elimu na hali ya Waislamu wa pwani kwa Kiswahili kilichonyoka. Tena huyu huyu, aliyefaidi njia ya zamani, alikuwa mkali kwa wenzake waliopuuza elimu ya kisasa.

Ukali huo ulikuwa na haki yake. Darsa ya nyumbani iliwafaa sana waliofikishwa mlangoni, na waliofikishwa walikuwa wachache. Ilitegemea uhai wa mtu mmoja, na jicho lake, na watu aliojuana nao. Mtoto mwenye akili wa shambani aliyekuwa akichuma karafuu hakuwa na wa kumsema mbele ya sheikh. Wasichana kwa kawaida waliishia chuoni. Hata baada ya utumwa kuondolewa katika sheria za Unguja mwaka 1897, nasaba iliendelea kuwapa baadhi ya watu elimu na kuwanyima wengine. Huko Lamu, Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1936, aliwasomesha watu wa asili ya utumwa, na wakuu wa mji hawakupendezwa. Vipaji vilivyopotea kwa namna hii havina orodha.

Baada ya mwaka 1925 darsa ya Ukutani ilishikwa na mwanawe Bakathir, Sheikh Abubakar. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye alipita njia mbili kwa pamoja: alisoma kwa wanavyuoni, na tena akasoma na kusomesha katika shule za serikali. Tafsiri kamili ya Kurani ya Kiswahili, ya Kasisi Godfrey Dale, ilikuwa imekwisha tolewa mwaka 1923, nayo haikupokewa vema na wanavyuoni. Sheikh Al-Amin alianza yake, mauti yakamkuta hajaimaliza. Ya Farsy ilitoka kamili mwaka 1969, ikiwa na maelezo mengi chini ya aya, na anayeyasoma kwa makini atasikia ndani yake sauti ya darsa: neno hutajwa, hufasiriwa, kisha shaka ya msikilizaji hujibiwa kabla hajauliza.

Mwaka 1972 Farsy alitoa pia kitabu cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Walimu waliomo, Bakathir na Ibn Sumayt wakiwa miongoni mwao, waliandika vitabu vyao kwa Kiarabu. Habari zao aliziandika kwa Kiswahili.