Deni la Choo

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania waliingia darasani, ingawa darasa lenyewe mara nyingi lilikuwa kivuli cha mwembe au baraza ya mtu. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoiendesha, ilikuwa imekwisha kuijaribu njia yake ya redio na vikundi kwa udogo: mwaka 1970 katika kampeni ya Uchaguzi ni Wako, kisha mwaka 1971 katika Wakati wa Furaha, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru.

Kikao kilikwenda hivi. Wanakikundi waliizunguka redio ya betri na kusikiliza kipindi cha wiki hiyo: malaria, kichocho, safura, kuhara. Kipindi kikiisha, kiongozi alifungua kijitabu akasoma kwa sauti, maana wengi walikuwa hawajui kusoma. Viongozi hao walikaribia 75,000, na hawakuwa madaktari. Walipewa semina fupi tu, wakarudi kwao. Baada ya kusoma walianza mjadala: maji yaliyotuama kwenye vifuu na makopo, majani yaliyokaribia mlango, nani ana choo na nani anakwenda porini. Kisha wakafikia uamuzi.

Redio ilisifiwa sana, na naona ilisifiwa kupita kiasi. Kazi kubwa ilifanywa na swali la mwisho: wiki hii tunafanya nini? Aliyeitikia mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo aliondoka na deni, na wadai wake aliwakuta kisimani kila asubuhi. Balozi wa nyumba kumi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, naye hakuwa mbali. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kila shimo lilichimbwa kwa hiari.

Cha kusifiwa zaidi ni kwamba waandaaji walikwenda kuhakikisha. Nyumba za vijiji vinane zilikaguliwa kabla ya kampeni na baada yake. Kumuuliza mtu anajua nini kuhusu mbu ni rahisi, naye hujibu anachodhani unataka kusikia. Hawa walizunguka uani wakatazama: choo kipo? Majani yamefyekwa? Madimbwi yamefukiwa? Mabadiliko makubwa waliyakuta kwenye vyoo, vipya na vilivyokarabatiwa.

Lakini Novemba ya mwaka huohuo Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Katika miaka iliyofuata mamilioni walihamishwa, na choo cha shimo hakibebeki. Mwaka 1975 taasisi ilianza kampeni nyingine kwa njia ileile ya redio na vikundi, Chakula ni Uhai, na safari hii wengi walikaa kikaoni na majirani wapya.