Akiba Haiozi: Baridi, Bia na Pai la Matunda Rubona

Wahenga walisema akiba haiozi. Mwezi Machi 2020 niliiona akiba ikianza kuoza nyumbani kwetu Rubona, kando ya Ziwa Kivu. Mama alikuwa akinunua vinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai, kwa wakulima wa milimani, kisha akivivusha mpakani kwenda kuviuza Goma. Mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, vikapu vitatu vilibaki sebuleni. Siku ya nne harufu ilibadilika. Mtaji wake wote ulikuwa mle.

Insha hii imezaliwa na vikapu hivyo. Swali langu ni hili: kwa nini baridi ya mashine, inayoweza kuzuia tunda lisioze, ilichelewa kuyafikia matunda ya watu wa kawaida? Hoja yangu ni kwamba baridi ilifuata fedha, na miongoni mwa fedha za kwanza ilizozifuata ni za bia.

Katika miaka ya 1870, mhandisi Mjerumani Carl von Linde aliunda mashine za kupoza kwa msaada wa wenye viwanda vya bia. Bia ya lager huchachuka polepole katika baridi, na kabla ya hapo watengenezaji walitegemea barafu iliyokatwa kwenye maziwa na mito. Baada ya bia ikaja nyama: mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifikisha London nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand. Matunda yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20, pale Wamarekani walipoanza kugandisha stroberi na sukari ndani ya mapipa kwa ajili ya viwanda vya jemu na waokaji. Clarence Birdseye, aliyeishi Labrador kabla ya kurudi kwao Marekani, aliwaona Wainuiti wakigandisha samaki kwa haraka sana katika upepo wa baridi kali. Akaelewa kuwa kugandisha polepole huzaa fuwele kubwa za barafu, nazo hutoboa kuta za seli. Mwaka 1930 bidhaa zake, yakiwemo matunda, zilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts.

Rubona haikuwa nyuma katika mambo ya viwanda. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957 na kiwanda chake cha bia kiko hapa kwetu. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Rwanda, mtambo wa Rasi ya Rubona ulianza kutoa gesi ya methani kutoka vilindi vya ziwa ili kuwasha boila za kiwanda hicho. Silaumu kiwanda, kiliwapa wengi kazi. Ninachosema ni kwamba nishati ya kisasa ilifika kijijini mapema, lakini miaka zaidi ya hamsini baadaye tunda la mama lilikuwa bado linashindana na jua.

Aliyetuokoa ni mama mdogo, aliyekuwa na friza ya kuhifadhia sambaza. “Dada, menya, katakata, tia sukari kidogo, ulete,” alisema. “Sambaza watasogea.” Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, kwa hiyo tulitumia vindoo vya maziwa ya mgando vyenye vifuniko.

Masharti yalipolegezwa mwezi Mei, mpaka ulikuwa bado umefungwa. Mama, ambaye zamani alifanya kazi katika jiko la nyumba ya wageni, akaamua kuoka pai na kuuza vipande hapa hapa. Pai la kwanza lilishindikana. Tuliyaacha matunda yayeyuke, yakatoa maji mengi, na unga wa chini ukawa kama uji. Leo najua sababu: friza ya nyumbani hugandisha polepole, na zile fuwele za Birdseye zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Mara ya pili aliyatia yakiwa bado yameganda, akayachanganya na sukari na vijiko viwili vya wanga wa muhogo, akachochea mkaa tanuri liwe na moto mkali, na hakuliepua pai mpaka rojo lilipochemka na kuwa zito. Hilo lilikatika vizuri na likaisha siku hiyo hiyo.

Hakurudisha mtaji wote. Alipata wa kununua vikapu viwili.

Kwa kumalizia, tunapofundishwa historia ya uvumbuzi tunatajiwa mvumbuzi na mwaka. Napendekeza tuulize pia uvumbuzi ulimfikia nani, na ulimfikia kabla au baada ya hasara. Siku hizi mama hununua tena vikapu vitatu. Viwili huenda sokoni, kimoja humenywa jioni ile ile, na bili ya umeme hugawana na mama mdogo.