Upepo Uliopimwa kwa Matanga

Katika merikebu za Uingereza za karne ya 18, kila nahodha alikuwa na upepo wake. Alichokiita huyu 'gale', mwenzake aliyezoea bahari kuu alikiita 'breeze' na kuendelea na chakula chake. Msamiati haukuwa haba. Mabaharia walikuwa wameyaokota maneno bandari kwa bandari: 'breeze' kwa Wahispania na Wareno, 'hurricane' kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, kupitia kwa Wahispania hao hao. Kilichokosekana ni makubaliano ya neno gani linaanzia wapi na kukomea wapi. Daftari la safari lilipofika London, habari zake hazikuweza kulinganishwa na za chombo kingine.

Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland, aliijua gharama ya habari mbovu. Akiwa kijana wa miaka 15, chombo alichosafiria kilizama kwa sababu ya ramani yenye makosa. Januari 1806, akiwa nahodha wa HMS Woolwich, aliandika katika shajara yake orodha ya pepo kuanzia sufuri, yaani shwari kabisa, hadi 13. Baadaye alikomesha orodha kwenye 12, tena akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye busara kuliko yote: hakuuliza upepo unavumaje, aliuliza manowari inaweza kubeba matanga kiasi gani. Kwenye namba 1 upepo unatosha tu chombo kutii usukani. Kwenye 12 hakuna tanga linalostahimili. Sasa neno likawa na kipimo ambacho baharia yeyote angekihakiki kwa macho yake. Jeshi la Wanamaji lilikipokea rasmi mwaka 1838.

Kabla ya hapo kilikwisha kutumika katika safari ya HMS Beagle, 1831 hadi 1836, ile iliyomchukua Charles Darwin. Nahodha wake, Robert FitzRoy, alikabidhiwa mwaka 1854 idara mpya ya hali ya hewa. Usiku wa kuamkia 26 Oktoba 1859, dhoruba iliitupa meli Royal Charter kwenye miamba ya Anglesey, Wales. Ilikuwa ikirejea kutoka Melbourne na watu waliotoka kuchimba dhahabu. Wapatao 450 walikufa. FitzRoy aliamini kwamba wangeweza kuonywa, kwa kuwa telegrafu ilikwenda mbio kuliko dhoruba. Februari 1861 alianza kutuma maonyo bandarini, ambako koni na ngoma za turubai zilipandishwa mlingotini. Tarehe 1 Agosti mwaka huo gazeti la The Times lilichapa utabiri wake wa kwanza kwa umma: mistari michache tu, hali njema kaskazini, magharibi na kusini.

Aliuita 'forecast'. Maneno ya unabii aliyakataa katakata, maana nchi ilikuwa imejaa almanaka za wapiga ramli, naye alitaka wasomaji wajue kuwa haya ni maoni yanayotokana na vipimo na hesabu. Wengi hawakumsikiliza. Utabiri ulipokwenda kombo magazeti yalimkejeli, na wanasayansi nao wakamshutumu. Aprili 1865, akiwa amechoka na kuishiwa mali, alijiua. Mwaka uliofuata kamati iliyoongozwa na mwanasayansi Francis Galton iliikosoa kazi yake, na maonyo pamoja na utabiri vikasimamishwa. Ulikuwa uamuzi wa kusikitisha, na mzigo wake uliwaangukia watu wa baharini. Malalamiko yao yalirudisha maonyo ya dhoruba mwaka 1867. Utabiri kwa umma ulingoja hadi 1879.

Mwaka 2002 eneo la bahari lililoitwa Finisterre, karibu na Hispania, lilipewa jina la FitzRoy. Jina hilo husomwa katika taarifa ya mabaharia ya BBC, ambamo, kwa kipimo cha Beaufort, 'gale' ni namba 8 na 'storm' ni namba 10. Hata muda umewekewa mipaka: 'imminent' ni ndani ya saa 6, 'soon' ni kati ya saa 6 na 12, na 'later' ni baada ya hapo.