Daftari la Shule na Habari za Kijiji katika Karatu na Ngorongoro

Sehemu kubwa ya historia ya nchi yetu imeandikwa na watawala, wamisionari na wasafiri, na katika miaka ya karibu imeandikwa na wataalamu wa vyuo vikuu. Lakini iko historia nyingine, nyenyekevu zaidi, ambayo mwandishi wake ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye haandiki kwa tamaa ya kuchapishwa. Huandika kwa sababu kazi yamtaka aandike: jina la mtoto aliyeingia leo, mgeni aliyefika, siku ambayo upepo uliezua mabati, juma ambalo nusu ya darasa haikuonekana kwa sababu ya surua. Maandishi hayo yamo katika daftari la kuandikisha wanafunzi, daftari la mahudhurio, kitabu cha wageni na kitabu cha matukio ya shule. Katika vijiji vilivyo mbali na miji, aghalabu hayo ndiyo maandishi ya pekee yaonyeshayo jinsi watu walivyoishi mwaka hata mwaka. Twakusudia kuyatazama hapa kama yalivyo katika nchi ya Karatu na Ngorongoro, mahali ambapo kazi ya kuyaandika ilikuwa ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Atokaye Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, akaingia katika uwanda wa udongo mwekundu wenye mahindi, maharagwe na ngano. Upande wa kusini-magharibi nchi huteremka hadi Ziwa Eyasi na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Mbele iko Oldeani na kahawa yake, kisha msitu, kisha kreta. Katika eneo hili dogo wamekutana watu ambao lugha zao hazina udugu: Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, Wadatoga na Wamasai, ambao ni Waniloti, Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko wataalamu wameshindwa kuiunga kwa hakika na lugha nyingine yoyote, na watu wa lugha za Kibantu waliokuja kwa kilimo, biashara na utumishi. Ni mahali pachache duniani ambapo watoto wanaokaa dawati moja huweza kutoka katika nyumba zenye lugha zilizo mbali hivyo.

Kabla ya shule, habari zilikuwa na adabu zake. Wamasai huziita ilomon, nao wakutanapo njiani hawaulizani hali kwa neno moja na kupita. Mmoja husimulia, mwingine humsikiliza na kumwitikia, tangu alikotoka hadi aliko: mvua, majani, maji, afya ya watu na ya ng'ombe. Kisha zamu hugeuka. Kwa watu wanaohama na mifugo, habari hizo ni riziki yenyewe, kwa maana anayekosea juu ya majani ya bonde la pili hupoteza ng'ombe. Wairaqw, kwa upande wao, wanayo slufay, yaani dua ya kishairi isemwayo na mzee wakati wa mkutano au wa pombe ya kijiji. Mzee hutamka mstari, watu huitikia. Huombwa heri kwa Looa, ambaye ni jua na tena ni mama, maradhi hufukuzwa, watoto na mifugo hubarikiwa, na ugomvi uliomo kati ya watu hupoozwa. Mwenye sikio la mashairi atatambua mara moja kwamba haya si maneno ya kuokoteza. Yana mizani yake, yana picha zake, na msemaji hupimwa kwa umahiri wake. Ni kweli kwamba ndani yake hamna habari kwa maana ya gazeti, lakini asikilizaye slufay hujua kijiji kinaogopa nini mwaka ule.

Uhusiano wa shule na habari zilizoandikwa ni wa zamani katika pwani. Gazeti la Msimulizi lilitoka mwaka 1888 katika shule ya Kiungani, Unguja, likiwa na habari za wanafunzi na za vituo vya misheni. Katika miaka ya 1890 Magila ilikuwa na Habari za Mwezi. Kiongozi, gazeti la wakati wa Wajerumani, lilichapishwa katika shule ya serikali Tanga, na walimu waliotawanyika barani ndio waliokuwa miongoni mwa wasomaji na waandishi wake. Ilipofika Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, ambalo lilipokea barua na mashairi kutoka kila upande wa nchi. Kwa hiyo mwalimu alikuwa mwandishi wa habari kabla taifa halijawa na waandishi wa habari wa kulipwa.

Karatu ilikuwa mbali na hayo yote. Wakati ule Wairaqw walikuwa wangali wakienea kuelekea kaskazini, kutoka Kainam katika milima ya Mbulu, wakiingia katika nchi iliyokuwa malisho ya Wamasai, na serikali ya Waingereza iliwasaidia kwa kufyeka vichaka vya mbung'o. Oldeani walikaa walowezi, wengi wao Wajerumani, mpaka vita vya 1939 vilipowaondoa mashambani. Shule zilikuwa chache na mwendo wake ulikuwa mrefu. Aliyejua kusoma alisomea wengine barua, na aliyeandika aliandikia wengine. Siri za ukoo mzima zilipita mikononi mwa kijana mmoja wa darasa la nne.

Uhuru ulibadili jambo hili, ingawa si kwa siku moja. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na Novemba 1974, huko Musoma, chama kiliazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji. Tukiyatazama mambo haya mawili pamoja tutaelewa kwa nini shule ikawa kitovu cha kijiji. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila nyumba na shamba lake, walikusanywa mahali pamoja, na penye uwanja mpana palikuwa ni shuleni. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mchanga na maji. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa kushika chaki mbele ya darasa. Wapo waliowacheka walimu hao. Mimi naona hawakustahili kuchekwa, kwa kuwa bila wao yapo madarasa ambayo yangalikuwa na madawati tu.

Tangu hapo kengele ya shule, ambayo mara nyingi si kengele bali ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ikawa sauti ya kijiji kizima. Iligongwa asubuhi kwa mchakamchaka, iligongwa jioni kwa masomo ya watu wazima, na ikigongwa saa isiyo yake kila mtu aliacha jembe akasikilize kuna nini. Chanjo ilifanyika shuleni, kura zilipigwa shuleni, mkutano wa hadhara ulifanyika chini ya mti wa shule. Mwaka 1973 watu walikaa katika vikundi kando ya redio kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, na aghalabu aliyeongoza mazungumzo alikuwa mwalimu. Sanduku la posta la shule lilikuwa anwani ya kila mtu. Kijana akiandika kutoka Arusha au Tanga, barua ilipitia kwa mwalimu mkuu, na mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyeipeleka nyumbani, na mara nyingi ndiye aliyeisoma.

Hapa pana jambo ambalo lafaa tulikazie macho. Katika mila za wengi wa watu niliowataja, mtoto hasemi habari mbele ya wakubwa. Mtoto wa Kimasai humwinamia mkubwa kichwa ili aguswe, na hiyo ndiyo salamu yake. Hangoji kuulizwa mambo ya dunia. Sasa mtoto huyo huyo anasimama katikati ya boma, karatasi mkononi, wazee wamemzunguka, naye anawaeleza kwamba ng'ombe wa fulani wameuzwa, kwamba fulani amefariki dunia, kwamba serikali imetoa amri. Wazee walipochelea shule, walichelea na hili, wala haikuwa ujinga kama ilivyodaiwa na maofisa kadha wa kadha. Waliona kwamba pamoja na kusoma, mtoto amepewa ufunguo wa ghala la habari, nao hawakuwa wamempa.

Daftari nalo lilikuwa na matatizo yake. Mwalimu aliyetoka pwani, Upare au Unyamwezi alifika akiwa na herufi za Kiswahili, akakuta majina yenye sauti ambazo herufi hizo hazikuzijua. Kiiraqw kina hh, itokayo kooni kama hā ya Kiarabu, kina q, kina sl na tl ambazo ulimi huzitoa kwa pembeni. Majina ya mahali kama Slahhamo na Qurus yamebaki na alama za sauti hizo, lakini majina ya watoto yaliandikwa kwa kadiri mwalimu alivyosikia. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kuandikishwa kwa tahajia mbili, kwa kuwa walipokewa na walimu wawili, na tangu hapo vyeti vyao vikatofautiana. Tarehe ya kuzaliwa ilikadiriwa. Mtoto alitakiwa kuupitisha mkono juu ya kichwa hadi ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ana miaka saba. Mamia ya watu wazima leo wanazo siku za kuzaliwa walizopewa na mwalimu, nao wanazitumia hadi kustaafu.

Ngorongoro ina historia yake. Mwaka 1959 Wamasai walioondolewa Serengeti, ilipokuwa mbuga ya taifa, waliunganishwa na wenzao katika Hifadhi mpya ya Ngorongoro, ambako sheria iliruhusu watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Hesabu ya wakati ule ilikuwa ya watu wapatao 8,000. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta walitolewa, na mwaka 1975 kilimo kilikatazwa. Sheria ya Elimu ya 1978 ilipomlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wa miaka saba shuleni, mzazi wa Endulen, Kakesio au Nainokanoka alikabiliwa na swali ambalo mzazi wa Karatu hakulijua: nani atachunga? Mkulima humwacha mtoto asome na mahindi hubaki palepale, ng'ombe hawangoji. Ndiyo maana katika daftari za huko neno mtoro liliandikwa sana wakati wa kiangazi. Mtu asiyejua nchi angedhani ni uvivu. Ajuaye angeweza kuyatumia mahudhurio hayo kusoma ukame, mwezi kwa mwezi. Hata hivyo shule zilijaa, bweni zikajengwa, na watoto wa wafugaji wakafika mbali; Edward Sokoine, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alianzia shule ya msingi ya Monduli.

Kitu kimoja shule haikukipokea, nacho chanisikitisha. Ilipokea ngoma na nyimbo kwa ajili ya siku ya wazazi na mapokezi ya wageni, ikazifanya kuwa burudani. Ile sanaa ya kusimulia ilomon kwa utaratibu na ile sanaa ya slufay zilibaki nje ya uzio. Kiswahili hakikuzikataza, ni Kiswahili kilichowawezesha Mhadzabe na Mwiraqw kucheza mpira pamoja, na hakuna awezaye kukilaumu kwa hilo. Lakini mtoto alifundishwa insha kana kwamba hajapata kumsikia mtu yeyote akipanga maneno kwa ustadi, ilhali babu yake alikuwa bingwa. Mzee angaliweza kualikwa darasani, aseme, watoto waandike kwa Kiswahili walichosikia. Jambo hilo halihitaji fedha.

Sasa madaftari yenyewe yako katika hali gani? Mengi hukaa ndani ya kabati lisilofungika au sakafuni, penye mchwa. Karatasi za miaka ya 1970 zilikuwa hafifu. Mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 ulileta madarasa mapya, na katika kuhama kutoka ofisi ya zamani kwenda mpya vitabu vya zamani hutupwa kwa urahisi, au huwashia moto wa uji. Tangu Januari 2016, elimu ilipotolewa bila malipo, watoto wameongezeka na mwalimu hana nafasi ya kuandika matukio. Habari za shule husafiri kwa simu ya mkononi, husomwa na kufutwa. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na kumbukumbu za shule ya serikali ni mali ya umma kama lilivyo faili la wizara. Mtumishi wa masijala hawezi kuchoma faili kwa hiari yake. Haionekani kwa nini daftari la kijiji lipewe heshima ndogo kuliko hiyo.

Haraka yake ni kubwa zaidi Ngorongoro. Watu wa hifadhi walikwisha kupita 90,000 serikali ilipoanza, mwaka 2022, kuwahamishia walioandikishwa huko Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Juu ya uhamisho huo yamesemwa mengi, bungeni, mahakamani na mabomani, na hapa si mahali pa kuyaamua. Lakini shule iliyopunguza watoto ina daftari, na daftari lina safu ya mwisho, baada ya jina la mtoto, jina la mzazi na siku ya kuingia, iandikwayo sababu ya kuondoka. Kwa miaka mingi safu hiyo ilijazwa kwa maneno machache yale yale: amemaliza, mtoro, ameolewa, amefariki. Siku hizi mwalimu huandika amehama. Mwenye bidii huongeza neno la pili, Handeni, na kwa neno hilo moja mtoto akija kuulizwa baadaye alisoma wapi, na nani waliketi naye, pana mahali pa kuanzia kutafuta, ikiwa daftari bado lipo.