Kusoma Bure, Kuchapisha kwa Pesa

Desemba 2001, kikundi kidogo cha wasomi kilikutana Budapest kikiwa kimechoshwa na biashara moja ya ajabu. Umma unalipia utafiti. Mtafiti anaandika makala bila malipo, wenzake wanayakagua bila malipo, halafu kampuni inakiuzia chuo chao jarida hilo hilo kwa bei ya gari. Sitii chumvi: mwaka wa 2012 Harvard yenyewe, na pesa zake zote, ililalamika kuwa kuna majarida yanayofika dola 40,000 kwa mwaka. Jarida moja, bana.

Februari 2002 tamko lao likatoka: makala ya utafiti yasomwe bure na yeyote mwenye intaneti. Lakini kazi ya kuchapisha lazima ilipiwe na mtu. Tamko lilitaja serikali, wafadhili, vyuo na, mwisho kabisa wa orodha, hata michango ya watafiti wenyewe. Hako kasehemu ka mwisho ndiko kalikogeuka kuwa biashara.

Oktoba 2003 jarida la PLoS Biology lilianza, likimtoza mwandishi dola 1,500. Na hawa hawakuwa wakitafuta faida. Kampuni kubwa zikaona njia. Kufikia 2021, ukitaka makala yako yasomwe bure ndani ya Nature, ada ilikuwa euro 9,500. Hebu piga hesabu kwa shilingi: imepita milioni moja.

Sasa tuje nyumbani. Wellcome ya Uingereza, inayofadhili utafiti pale Kilifi tangu 1989, hulipia watu wake ada kama hizi. Mhadhiri anayefanya utafiti kwa mfuko wake mwenyewe hana mtu wa kumtumia bili. Anaweza kuandika barua aombe asamehewe, sawa, lakini barua ya kuomba huruma si bajeti. Wote wawili wanasoma majarida yale yale bure. Kuandika humo ndiko kunawatenganisha.

Na ada zenyewe zinatokana na gharama gani hasa? Aprili 2023 wahariri zaidi ya 40 wa NeuroImage, jarida la utafiti wa ubongo, walijiuzulu wote kwa mpigo baada ya Elsevier kukataa kupunguza ada ya dola 3,450. Wakaenda kuanzisha jarida lao, Imaging Neuroscience. Wahariri wale wale, kazi ile ile. Ada ya kwanza waliyotangaza: dola 1,600.