Mwezini kwa Karatasi na Waya

Kutua kwa Apollo 11 mwezini, tarehe 20 Julai 1969, husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomsifu Neil Armstrong, rubani aliyeshika usukani kompyuta ilipolemewa, na wapo wanaoisifu kompyuta yenyewe, kwamba ilikuwa duni kiasi kile na bado ikafika. Zote mbili zinaruka kazi iliyoanza Agosti 1961, chuo cha MIT kilipopewa mkataba wa mfumo wa kuongozea chombo, nayo ni kazi ya kuandika. Safari ile ilikuwa andiko moja lenye mapande mawili: programu iliyokaa ndani ya kompyuta, na vijitabu vya hatua alivyosoma mwanaanga. Hitilafu za kompyuta zinazokumbukwa zaidi katika safari zile zilitokea pale mapande hayo yalipounganishwa.

Programu hiyo ilifumwa kwa mikono, na hapa sisemi kwa mafumbo. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, Massachusetts, akina mama walipitisha waya mwembamba kwenye vipete vya sumaku: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita kando ni sifuri. Kumbukumbu hiyo ya kudumu ilikuwa na nafasi ya maneno 36,864 ya kompyuta; ya kuandika na kufuta ilikuwa na 2,048 tu. Kilichokwisha kufumwa hakikufutika, kwa hiyo programu ilibidi ifungwe miezi kadhaa kabla ya safari. Jambo lililochelewa, au lililokosa nafasi, lilihamishiwa kwenye vijitabu. Karatasi ikabeba madeni ya waya.

Deni moja lilidaiwa Desemba 1968. Margaret Hamilton, mmoja wa viongozi wa waandishi wa programu pale MIT, alikuwa ametaka kompyuta imzuie mwanaanga asiite P01, programu ya maandalizi ya chombo kikiwa bado ardhini, wakati safari inaendelea. Akajibiwa kwamba wanaanga wamefundwa vizuri na hawatafanya kosa hilo. Yakaandikwa maelezo tu ya kuwaonya. Apollo 8 ikiwa njiani kurudi kutoka mwezini, mwanaanga Jim Lovell alikusudia kuingiza namba 01 ya nyota, akaita programu 01. Kompyuta ikapoteza mwelekeo wake, naye akalazimika kuurudisha kwa kupima nyota upya. Lovell alikuwa miongoni mwa mabaharia hodari wa anga waliokuwepo, na ndiyo maana kosa lake linafaa kuwa ushahidi: onyo la karatasi hutegemea mtu akumbuke, na mchovu hasahau kwa kupenda.

Mkasa wa Apollo 11 una mafunzo zaidi. Chombo kikishuka, tahadhari namba 1202 iliwaka, ikarudi, kisha ikaja 1201. Kompyuta ilikuwa ikisema ina kazi kuliko nafasi. Wengi wamemtupia lawama Buzz Aldrin, mwenzake Armstrong chomboni, kwa kuiacha rada ya kukutania na chombo mama ikiwa imewashwa, ilhali swichi ilikuwa mahali ambapo kijitabu kilitaka iwe. Mzizi ulikuwa kwenye waraka wa wahandisi wa mifumo miwili ya umeme, wa rada na wa kompyuta. Waraka ulitaka masafa ya mikondo ya mifumo hiyo yafungamane, ukanyamaza kuhusu mawimbi yake kupanda na kushuka kwa pamoja. Kwa kukosa sharti hilo moja, rada iliitumia kompyuta ishara zisizo na maana, zikala takriban asilimia 15 ya muda wake. Kilichookoa kutua kilikuwa kimeandikwa pia: programu ilijua kuanza upya, kuacha kazi ndogo na kushika zile za kuongoza chombo. Na Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari, kulikuwa na karatasi. Tarehe 5 Julai, katika zoezi la kuigiza kutua, tahadhari ya aina hiyo iliwafanya waongozaji wakatize kutua bila sababu. Gene Kranz, kiongozi wao, akaagiza kila tahadhari ichambuliwe. Jack Garman, kijana wa miaka 24, akaziorodhesha kwa mkono. Siku yenyewe alimpa Steve Bales, msimamizi wa mfumo wa kuongozea chombo, jibu ndani ya sekunde chache: endeleeni.

Mtu atasema, mwishoni si Armstrong aliyekwepa mawe kwa mkono wake? Alikwepa, kupitia programu ya P66. Kila alipobonyeza swichi alibadilisha kasi ya kushuka kwa futi moja kwa sekunde, na kompyuta ndiyo iliyokokotoa nguvu ya injini. Hata uhuru wa rubani ulikuwa umejadiliwa, mara nyingi katika vikao vya Bill Tindall wa NASA, ambaye kumbukumbu zake za maandishi zilipewa jina la utani, Tindallgrams. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna anayeweza kuandika kila balaa mapema. Kweli, na Februari 1971 ilithibitisha. Kipande cha lehemu kililegea ndani ya swichi ya Apollo 14, kikawa kinaiambia kompyuta kwamba wanaanga wameamua kukatiza kutua. Programu ilikwisha fumwa, haikubadilika. Don Eyles wa MIT, aliyeijua kwa undani, aliandika kwa saa chache hatua za kuidanganya kompyuta iamini kwamba ukatizaji umekwisha anza, ili iache kuisikiliza swichi. Hatua hizo zikasomwa redioni, tarakimu kwa tarakimu. Mwanaanga Edgar Mitchell akazibonyeza moja moja, na injini ilipowaka, swichi ile haikusikilizwa tena.