Urari wa Rangi na Uso Uliopauka

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Liverpool huku kusini-magharibi mwa Sydney, aliishika simu yangu kwa mikono miwili akaitazama picha niliyompiga kwenye sendofu ya binti wa jirani yake. Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza: "Mwanangu, mbona nimepauka hivi? Na mafuta nilipaka."

Yeye ni maji ya kunde aliyekolea, na usiku ule uso wake ulikuwa uking'aa. Pichani ulikuwa kijivu chenye ukijani, kama jivu lililomwagiwa maji. Gauni lilikuwa limetoka vizuri, keki ilikuwa imetoka vizuri. Ngozi ndiyo iliyoonekana kuharibika.

Programu za kuhariri picha zina kazi maalumu kwa tatizo hili, na kwa Kiingereza huitwa skin tone correction. Anayetafsiri harakaharaka ataandika "kusahihisha rangi ya ngozi", na hapo ndipo mimi ninapogoma. Kusahihisha ni kazi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu, na kinachosahihishwa ni lazima kiwe kilikosewa. Ni nani aliyeikosea ngozi ya mama huyu? Lugha yetu inalijua neno kujichubua na inaujua mkorogo unaouzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Katika lugha ya namna hiyo, kumwambia mtu kwamba rangi ya ngozi yake itasahihishwa ni kumuumiza. Istilahi haina budi kutaja kosa lilipo hasa, na hapa kosa liko kwenye mwanga.

Ukumbi ule ulikuwa na taa ndefu za tyubu za miaka mingi. Jicho la mtu huzizoea baada ya dakika chache na kuziona nyeupe, lakini kamera haizoei kitu. Mwanga wa taa hizo una kijani cha ziada na upungufu wa nyekundu. Ngozi ya binadamu, kwa sababu ya melanini na damu iliyo chini yake, hurudisha nyekundu kuliko rangi nyingine, kijani kidogo, na buluu kidogo zaidi. Taa ikija na nyekundu haba, ngozi haina cha kurudisha. Mafuta aliyopaka mama yalikuwepo, ila yaling'arisha kijani.

Kila aliyewahi kufua anajua jambo linalofanana na hili. Ukiloweka kanga mpya nyekundu beseni moja na shati jeupe, shati litatoka na wekundu usio wake. Shati halikuharibika uzi; limechukua rangi ya jirani. Rangi ya taa inapokaa juu ya picha nzima namna hiyo, mimi huiita rangi ya kuazima, na sijapata neno lililo wazi kuliko hilo. Bigge Park, si mbali na stesheni ya Liverpool, maharusi hupenda kupigwa picha chini ya miti. Nyasi hukirushia kidevu na shingo kijani chake, na majani ya juu hufanya vivyo hivyo kwenye paji la uso. Ukisimama mbele ya ukuta wa matofali mekundu, shavu lililo upande wa ukuta litaazima wekundu.

Kuiondoa rangi ya kuazima ndiko kunakoitwa kwa Kiingereza white balance. Neno kwa neno tungepata "mizani ya weupe", na tafsiri hiyo ina mtego. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu mweupe si lazima awe Mzungu. Ni binti wa Singida au wa Meru mwenye rangi ya kung'aa. Weupe ni sifa ya ngozi, tena sifa inayobebeshwa mizigo mingi. Mwambie mteja, "Nitakuwekea mizani ya weupe," naye atafikiri unataka kumpausha, au atafurahi kwa sababu hiyo hiyo, na yote mawili ni msiba.

Napendekeza urari wa rangi. Wahasibu wanalo neno urari tangu zamani: ni ile hesabu ya kuhakikisha kwamba jumla ya upande mmoja inalingana na ya upande wa pili. Programu hufanya hivyo hivyo, ila pande zake ni tatu: nyekundu, kijani na buluu. Unaionyesha kitu kisicho na rangi, kwa mfano kadi ya kijivu. Safu tatu zikitoka sawa, urari umekubali. Zisipolingana, inapunguza iliyozidi na kuongeza iliyopungua, kisha hesabu ile ile inapitishwa kwenye picha nzima. Weupe hautajwi, wala hauhitajiki.

Pamoja na urari huja jotoridi la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Balbu ya zamani ya waya ina kama 2,700. Jua la mchana ni kama 5,500. Wengi huchanganyikiwa kwa kuwa namba ndogo ndiyo yenye rangi ya moto na kubwa ndiyo yenye ubaridi wa buluu. Mkumbuke mhunzi: chuma kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huelekea manjano, kikizidi tena huwa cheupe. Kelvini zinahesabu moto wa chuma, hazihesabu hisia zetu.

Sasa bei. Tangu 2013 Photoshop mpya hutolewa kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka, na mpiga picha wa sherehe za mtaani hawezi kuubeba mzigo huo miezi ambayo hakuna harusi. Bahati nzuri, kwa kazi ya urari hahitaji kuubeba. Darktable na RawTherapee ni bure kabisa na zinafungua faili ghafi za kamera. GIMP, iliyotoka mara ya kwanza 1996, ni bure pia. Kwenye simu kuna Snapseed. Na Affinity, iliyokuwa ikiuzwa kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa Machi 2024 na Canva, kampuni ya hapa hapa Sydney, kisha Oktoba 2025 ikatolewa bure. Sioni sababu ya mtu kuiba programu leo.

Kwenye picha ya mama nilitumia darktable. Sikuwa na kadi ya kijivu, ikabidi nitafute shahidi mwingine ndani ya picha. Kanzu ya mzee aliyekaa nyuma yake ilinishawishi, lakini kanzu hudanganya: sabuni za siku hizi zina kemikali inayorudisha buluu ili nguo ionekane nyeupe pe, na waliofua kwa buluu ya kopo walikuwa wakifanya jambo lile lile. Ukiipa programu kanzu kama shahidi, itadhani buluu imezidi kila mahali, itaongeza umanjano, na watu wote watatoka kama wamepakwa bizari. Weupe wa jicho nao haufai. Kwa mtu mzima una umanjano wake. Nilichagua mguu wa kiti cha chuma, kijivu cha kawaida. Nikapunguza kijani kuelekea waridi iliyokoza, nikasogeza jotoridi kidogo. Kabla ya hapo shavu lake lilikuwa na nyekundu 92, kijani 97 na buluu 85, katika kipimo cha 0 hadi 255. Likatoka na 118, 83 na 62. Mwanzoni kijani kilikuwa juu ya nyekundu, na hakuna uso wa mtu mzima wa afya wenye hesabu hiyo.

Kulikuwa na picha nyingine ya usiku ule iliyonishawishi kuliko hesabu. Ukipita Macquarie Mall siku ya Jumamosi utasikia Kiarabu, Kivietnamu, Kiserbia, na kwa mbali Kiswahili cha Bukavu. Sherehe zetu huku nazo ziko hivyo. Katika picha ya pamoja alikuwepo mama wa Tanga, kijana mweusi tii kutoka Kongo, bi harusi mtarajiwa, na shoga yake Mvietnamu. Nilirekebisha urari mara moja tu, kwa mguu wa kiti, bila kugusa uso wa yeyote. Wote wakarudi pamoja, kila mmoja na rangi yake. Mafundi wa video wanaifahamu sababu: kwenye chombo chao cha kupimia, ngozi za watu wa kila bara hulala karibu na mstari mmoja, kati ya nyekundu na manjano. Zinazotofautiana ni ukolevu na mwangaza.

Mwangaza ni suala la pembeni, ila linawaumiza weusi zaidi. Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokiona kwa wastani ni kijivu, kwa hiyo uso mweusi mbele ya pazia jeupe huachwa gizani. Ukija kuuinua baadaye kwenye programu, unainua na chenga. Ni heri kuongeza mwanga wakati wa kupiga.

Udhaifu huu una historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi ya kupimia yenye sura ya mwanamke Mzungu. Ikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi mmoja wa kampuni aliyepigwa picha hizo. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, ameeleza kwamba waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao kahawia zao zilikuwa hazitofautiani pichani. Kadi yenye wanawake watatu, mmoja wao mweusi, ilikuja miaka ya 1990.

Zama hizo hizo ndizo zilizotuachia neno kusafisha picha, yaani kuitia filamu kwenye dawa hadi sura ionekane. Lilikuwa neno zuri. Siku hizi mteja akisema "nisafishie" humaanisha nimtoe chunusi, nimpunguzie weusi, nimlainishe kama sahani. Neno limehama, siwezi kulirudisha. Kwa kazi ninayoieleza hapa nasema kurejesha rangi ya ngozi. Kurejesha kunakiri kwamba rangi ilikuwepo, ikachukuliwa na taa, na inarudi kwa mwenyewe.

Mama aliipokea picha yake, akaituma Tanga papo hapo. Wiki iliyofuata akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya rangi ya marehemu mumewe, ya miaka ya 1970, imegeuka nyekundu yote kwa kuwa wino wake mwingine ulikuwa umefifia. Hapakuwa na kadi, hapakuwa na mguu wa kiti. Kila kitu kilikuwa kimepotea pamoja. Nikaiskani, nikavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, akaketi. Nilisogeza buluu taratibu, kisha kijani, naye akiangalia.

"Bado. Alikuwa mweusi zaidi."

Nikasogeza.

"Umepita. Rudi kidogo."

Nikarudi. Akaisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."